Siku Tuliyomnyima Mgeni Kahawa

Kwenye msiba wa Ami Seif kila mtu alisema jambo lile lile: kwamba marehemu alikuwa mkarimu, kwamba mlango wake haukujua kufungwa, kwamba aliyepita kijijini kwake akaondoka na njaa basi alitaka mwenyewe. Nilikaa upande wa wanawake, nyumbani kwa mwanawe huko Bawshar, katika ukumbi mkubwa uliopoa kwa mashine mpaka tukajifunika mitandio mabegani, nikawa napokea kahawa, narudisha kikombe na kutikisa kichwa kukubali kama wenzangu. Yote yalikuwa kweli. Lakini kila liliposemwa neno ukarimu, mimi nilimwona Ami Seif amekaa kwenye kizingiti cha sabla yake, mikono yote miwili juu ya bakora, uso umemwiva kwa haya, akimwacha mgeni asimame ndani bila hata tende moja. Kwa ninavyoona mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya duniani, na hapana hata mmoja aliyelitaja pale. Wengi hawakulijua, na waliolijua waliona si jambo la kumsifia maiti. Mimi nina ulimi, watu wangu wanajua, lakini siku ile nilijizuia, na nimerudi nyumbani Sib nalo limenikaa kifuani. Bora niliandike.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Habari za wazazi wangu na nani alizaliwa wapi nitaziacha, maana watu wa Maskati tukianza nasaba hatumalizi. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza sekondari, nakaa Sib, sina kazi wala sina haraka ya mume, na siku moja mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe, ndiye Ami Seif, akaja kwetu kutafuta mwalimu wa kike. Kijiji chake, Sidra, kilikuwa bondeni nyuma ya milima ya Bawshar. Kwa ramani kilikuwa Maskati hiyo hiyo. Kwa njia ilikuwa nchi nyengine. Lami iliishia mbali, kisha ni mawe ya wadi, mto mkavu, na mvua ikinyesha wadi inashuka na maji na hapana anayeingia wala anayetoka. Skuli ya serikali ilikuwa ng'ambo ya mawe hayo. Wavulana walipelekwa mjini kukaa na jamaa, na wasichana walibaki na mbuzi. Wazee wa Sidra waliona hilo haliwezi kuendelea, wakashauriana wakaamua kufungua skuli yao wenyewe, na kwa kuwa hawakuwa na nyumba ya kuitia, wakaitia ndani ya sabla.

Asiyeijua sabla nimweleze. Ni chumba cha kijiji kizima, wanapokaa wanaume, wanapopokelewa wageni, panaposomwa hitma na kusuluhishwa magomvi. Ya Sidra alikuwa ameijenga baba yake Ami Seif, kuta za udongo nene kama magodoro, dari ya magogo ya mitende, na ufunguo wake Ami Seif aliuvaa shingoni. Asubuhi ilikuwa skuli, alasiri ikarudi kuwa sabla. Watoto wenyewe walikuwa wakiyatoa madawati nje na kuyarudisha, madawati aliyoyapigilia Nasser, mwana wa Ami Seif, aliyekuwa fundi wa magari huko Ghala, mjini. Aliyatengeneza kwa mbao za makasha ya vipuri, na langu lilikuwa na maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo watoto waliapa kwamba ni jina la jini. Nilifundisha wote kwa pamoja, wadogo mbele, wakubwa nyuma, wavulana wachache na wasichana tele, kwa vitabu vya zamani tulivyoomba kwenye skuli za Sib. Mshahara wangu ulikuwa zamu: nyumba hii samli, nyumba ile tende, ya tatu mtungi wa gesi. Nilinenepa mwaka ule kuliko mwaka wowote wa ujana wangu.

Nilikaa kwa Bi Zuwena, dada yake Ami Seif, mjane, nyumba iliyoshikana ukuta na sabla. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja dogo, mkeka, godoro, kasha la kuwekea nguo, na harufu ya papa mkavu iliyotoka jikoni na kuingia mpaka kwenye mto. Mwanzo harufu ile ilinikera. Sasa nikipita soko la samaki la Sib nasimama makusudi, na mwanangu huniuliza nimesahau nini. Bi Zuwena na kaka yake walikulia Unguja wakarudi watu wazima, na Kiswahili kwao kilikuwa kama kabati lenye kufuli. Kijiji kizima kilisema Kiarabu. Wao wakitaka kusema la siri, la kumteta mtu aliyekaa mbele yao au la kuulizana kama wali utatosha, walitumia Kiswahili. Nilipofika wakafurahi kupata mtu wa tatu, halafu wakahuzunika kidogo kwamba sasa siri zina masikio. Asubuhi Bi Zuwena alikaanga mandazi, akachemsha chai ya maziwa yenye iliki, na tukikaa jikoni alinipa habari za kijiji, nani amegombana na nani juu ya zamu ya maji ya falaji, mfereji wa mashamba, nani ameposwa, nani amejitia mgonjwa ili asichinje. Nilijifunza pale zaidi ya nilichofundisha ng'ambo ya ukuta.

Lakini skuli ile haikuwa skuli mbele ya serikali. Watoto walijua kusoma na kuhesabu, ila hawakuwa na mtihani wala cheti, na mtoto akimaliza kwangu hapakuwa na mlango wa kumpokea mbele. Ami Seif alikuwa ameomba serikali iichukue skuli, ilete vitabu na mshahara wa mwalimu, iwaandikishe watoto kama wenzao wa mjini. Na zamu za samli na tende zilikuwa zimeanza kuchoka; kila mwezi nyumba moja ilikuwa na udhuru. Aliyengoja jibu kwa hamu kubwa ni Thuraiya, msichana mrefu, mkimya, aliyesoma kila karatasi iliyofungiwa kitu, hata maelezo ya dawa ya mbuzi. Baba yake, Hamed, alikuwa dereva wa lori la maji, mtu mzuri lakini mgumu. Alikuja kwangu akasema wazi, bila ya kunitazama usoni, kwamba amemwacha binti yake asome kwa sababu skuli iko kijijini, mjini hampeleki, na kama mpaka likija joto serikali haijasema neno, msichana atarudi kuchunga, kwani kusoma kusikokwenda popote ni kumpotezea mtoto siku zake. Nilimjibu kwa adabu, nikaingia jikoni nikapiga sufuria chini. Bi Zuwena akaiokota bila ya kuniuliza.

Habari kwamba mkaguzi anakuja aliileta Nasser kutoka Ghala, Jumatano jioni, maana wakati ule mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Atafika Jumamosi asubuhi. Nilizitumia siku zile mbili kama mtu anayeandaa harusi. Nilitayarisha somo la kusoma, somo la hesabu, nikawapanga nani ajibu na nani anyamaze, nikamfundisha mdogo kuliko wote asijipanguse kamasi kwa mkono. Jumamosi alfajiri nikavaa vizuri, nikatoka, nikaingia sabla, na skuli haikuwapo. Madawati yalikuwa nyuma ya zizi, yamefunikwa turubai. Ubao umegeuziwa ukuta na juu yake umetundikwa busati jekundu. Mazulia ya Idi yametandikwa, mito imepangwa, udi unafuka, na wanafunzi wangu wote wamevaa nguo za sikukuu, huyu ameshika birika la kahawa, huyu bakuli la kunawia, huyu sahani ya halwa. Nje mbuzi wawili walikuwa wameshachinjwa. Ami Seif alisimama katikati ya chumba na kilemba kipya, anang'ara.

Nilimuuliza skuli iko wapi.

"Skuli kesho, mwanangu," akanambia kwa upole. "Leo kuna mgeni."

Nilijaribu kumweleza kwamba mgeni anakuja kwa ajili ya skuli, na yeye akanieleza, taratibu kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba mtu akitoka mbali hakaribishwi kwa kelele za watoto. Aoneshwe kwanza watu wenyewe ni watu gani. Kisha watu kama hao hawanyimwi kitu. Hakuwa mjinga Ami Seif. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda maisha yake yote, na maisha yake yote yalikuwa yamekwenda vizuri. Mkaguzi akafika, Ustadh Khalfan, mtu wa makamo mwenye miwani, kanzu imepigwa pasi, faili kwapani. Akaketishwa juu, akapewa tende na halwa, akapewa kahawa mara nyingi, akafukizwa udi, akaletewa sinia la wali na nyama ambalo watu wanne hawalimalizi. Kila alipolishika faili, mtu alimsogezea kitu. Wanafunzi wangu walimmiminia maji ya kunawa kwa ustadi mkubwa. Nilimvizia kwenye gari lake wakati anaondoka, na yeye akanambia kwa Kiarabu, kwa haya, kwamba hajapata kukirimiwa namna ile, Mwenyezi Mungu awalipe, lakini alitumwa kuangalia skuli na alichokiona ni sabla, na akiandika vingine atakuwa muongo. Akasema atarudi mara moja tu, baada ya wiki chache, na safari hiyo anataka aone darasa, asione sahani.

Niliporudi Ami Seif alikuwa na furaha. Alinambia mgeni amekula vizuri, kwa hivyo mambo yako tayari. Nilipomweleza alichosema Ustadh, aliduwaa. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alikaa siku nzima akiuzungusha ufunguo shingoni mwake. Mimi nilikuwa nimekwisha kupanga ninachotaka, nikamwambia waziwazi: akija tena hapana zulia, hapana udi, hapana mbuzi. Tukaanza kuvutana bei kama wauza samaki. Alitaka chakula baada ya somo. Nikamwambia akisikia harufu ya nyama kila mtoto atageuza shingo, na jirani wataanza kuingia mmoja mmoja. Akashuka mpaka kahawa na halwa. Nikakataa. Kahawa peke yake. Nikakataa, maana kahawa haiji bila ya mtu kukaa, na akikaa ni lazima tutandike, na tukitandika watoto wanatoka. Tende tatu mkononi. Nikakataa. Mwisho akaniuliza kama maji nayo ni haramu. Nikamwambia maji sawa.

Alasiri moja nilikuwa nimelala chumbani kwangu, joto limeanza kuingia, nikawasikia jikoni yeye na dada yake. Nadhani walijua kwamba nasikia, wakaendelea tu.

"Zuwena, mtu aje asimame ndani ya sabla ya baba yetu, na mimi nimtazame tu? Nisimwambie hata karibu kaa?"

"Ukimwambia kaa, watoto watoke. Chumba chenyewe kimoja, kaka. Hukitandiki mara mbili."

"Watu watasema Seif kawa bakhili uzeeni."

"Watasema, watachoka."

Nikasikia kijiko kinazunguka ndani ya kikombe. Halafu Ami Seif akasema baba yao alikufa na deni moja tu, la mgeni aliyeondoka kabla chakula hakijaiva, na mpaka roho inatoka alikuwa akimtaja. Mimi kwenye godoro langu nilitamani nitoke nimwambie basi, tuchinje, liwalo na liwe. Nilikuwa na miaka ishirini, najiona nina haki, na kwa mara ya kwanza nikaogopa nilichokuwa nikimtaka mzee yule akifanye. Lakini kupitia dirishani nilimwona Thuraiya anapita na mbuzi wa baba yake, mkono mmoja fimbo, mkono mmoja kitabu, nikabaki pale pale nilipo.

Baadaye nilisomea ualimu, nikafundisha miaka mingi, katika skuli zenye maabara na viwanja vya nyasi, na nimepokea wakaguzi wasiohesabika. Siku hizi tunawaagizia keki na juisi, tunapiga nao picha, na hapana anayeumia. Mwalimu kijana aliponiuliza juzi kwa nini natabasamu kila mkaguzi anapoingia, nilimwambia nimekumbuka kitu, nikaacha hapo. Ningemwelezaje? Angeona ni kijambo kidogo, kikombe cha kahawa. Kwa Ami Seif kikombe kile kilikuwa jina la baba yake, na alikuwa akiombwa alivue mbele ya watu na alitie mfukoni.

Ustadh Khalfan alirudi. Alisikia kelele za watoto tangu yuko wadini, aliniambia baadaye. Madawati yalikuwa ndani, ubao umeandikwa, sakafu ni tupu. Akaingia, akasimama nyuma kabisa, akatoa kalamu, na hapana aliyemwambia kaa. Nilianza somo la kusoma. Wadogo walisoma kwa pamoja, wakubwa walikokotoa, na Thuraiya alipoitwa alisimama akasoma ukurasa mzima kwa sauti aliyokuwa hana siku nyengine, na Ustadh alipomuuliza maana ya alichokisoma alimjibu, akaongeza na maoni yake, ambayo hakuulizwa. Kizingitini alikuwa Ami Seif na bakora yake, na kando yake Bi Zuwena, aliyekuja kumlinda asikimbilie jikoni. Wanaume wa kijiji cha jirani walikuwa wameliona gari likipita, wakaja kama desturi kumsindikiza mgeni kwenye chakula, wakafika wakakuta jiko halifuki. Wakasimama uani wanatazamana. Ami Seif hakuweza kuwatazama. Akaanza kunung'unika kwa Kiswahili, kwa ile sauti yake ya siri ambayo ilisikika mpaka ubaoni.

"Mtazame mtoto wa watu, Zuwena, midomo imemkauka. Hata mfungwa hupewa chai."

"Nyamaza."

"Nnanyamaza. Lakini mbuzi nnaye, mchele nnao, mikono nnayo. Na nnakaa hapa kama maskini. Yule mbuzi mwenyewe kule zizini ananitazama, anashangaa ana kosa gani."

Niliuma mdomo nisicheke, nikageukia ubao. Ustadh Khalfan hakunyanyua macho kwenye karatasi yake. Alisimama mpaka somo likaisha, akauliza watoto maswali, akafungua madaftari, na alipomaliza Ami Seif akamletea maji kwa mkono wake mwenyewe, glasi moja. Ustadh akanywa yote, akashukuru, akatoka. Ami Seif alimsindikiza mpaka garini, na gari lilipopotea nyuma ya mawe alisimama pale pale, jua limemkalia utosini, mpaka Bi Zuwena akaenda kumshika mkono.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Jibu halikuja, na mzaha ulikuja mbio. Kijiji cha jirani walisema Sidra wamefunga kabla ya Ramadhani. Walisema ukienda kwa Seif beba maji yako, kwa kuwa siku hizi anatoa glasi moja tu. Yeye aliifungua sabla asubuhi tupate kusoma, akaifunga, na jioni hakuja kukaa na wenzake. Alikaa jikoni kwa dada yake akichambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa. Hakunilaumu hata mara moja. Nilitamani anilaumu. Nilimuuliza kama amekasirika nami, akasema hapana, ila kuna vitu mtu akivifanya mara moja mwili unakataa kusahau. Hamed naye alipita akauliza kama serikali imesema. Nikamwambia bado. Akatazama juu, joto lilikuwa limeshaingia, mitende imeanza kuonesha rangi, na akaenda zake, na nilielewa.

Ijumaa moja baada ya sala, watu ndio wanatoka msikitini, gari likapanda kutoka wadini. Alishuka Ustadh Khalfan bila ya faili. Akashuka na mkewe, na watoto wao watatu waliokunjika kwa safari. Alimwendea Ami Seif moja kwa moja, akamsalimia, akambusu bega, kisha akasema, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka:

"Ami, leo sikuja kikazi. Nimekuja na wanangu, na tuna njaa."

Sijapata kuuona uso wa mtu ukipita katika mambo mengi kwa muda mchache vile. Ami Seif alimtazama yeye, akamtazama dada yake, nikajua anakumbuka neno kwa neno kila alichokisema kizingitini. Akauliza polepole, "Kumbe unakijua?" Ustadh akasema amezaliwa Unguja, na siku ile alisikia yote, mpaka habari ya mbuzi. Angemjibu siku ile wangekuwa ndugu pale pale, na aliyoyaandika yangeonekana ni ya ndugu. Ndiyo maana alinyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomchosha kuliko njaa. Ami Seif akavuta ncha ya kilemba akajifunika uso. Mabega yakawa yanatikisika, na sisi tukadhani analia, mpaka tukamsikia anacheka. Alilia vilevile, lakini baadaye. Yule mbuzi wa zizini hakuiona alasiri, na kijiji cha jirani kiliitwa chote, kuanzia waliocheka zaidi.

Wanaume walikaa sabla, sisi wanawake jikoni na mke wa Ustadh katikati yetu, na baina yetu ukuta wenye kidirisha cha juu kinachopitisha moshi na maneno. Sinia zilikuwa zimekwisha kwenda. Nikamsikia Ustadh anaanza, sasa kwa Kiarabu ili wote wasikie, kwamba serikali imekubali. Itaichukua skuli ya Sidra, italeta vitabu, italipa mwalimu, na watoto watafanya mtihani kama wenzao. Wasichana waliokuwa wakichukua sahani mlangoni wakashikana mikono. Nikamsikia Hamed, ambaye hasemi, akisema kwamba wake atabaki skuli. Nikashika ukuta. Halafu Ustadh akakohoa, akasema liko jambo moja. Mwalimu anayelipwa na serikali lazima awe amesomea ualimu. Ataletwa mwengine mwanzo wa mwaka. Alikuwa ameniombea, akasema, na hakupata.

Kisha nikamsikia Ami Seif, taratibu kabisa, anasema basi waishukuru serikali na waiambie ibaki na fedha zake. Skuli hii ni ya mwalimu wetu, Rahma. Tutaendelea wenyewe kwa samli na tende kama tulivyoanza.

Nasema kweli, moyo wangu ulipaa. Mzee aliyelivua jina la baba yake kwa ajili ya fedha zile, sasa anazirudisha kwa ajili yangu. Kwa muda wa pumzi moja nilitaka amshinde Ustadh. Nilijiona nazeeka pale, na dawati langu la Kijapani, na papa mkavu kwenye mto. Halafu nikamwona Thuraiya mlangoni, sahani kifuani, amesikia la mwanzo na la mwisho, na ananitazama. Hakuomba kitu. Mwanamke hatupi sauti yake katika sabla ya wanaume, nilijua hivyo na Bi Zuwena alijua kwamba najua. Nikapanda juu ya kinu, nikaufikisha uso kidirishani.

"Ami, kubali."

Ami Seif akageukia kidirisha. Akauliza kwa Kiswahili, "Rahma, unajua ulisemalo?"

"Najua. Kubali kabla Ustadh hajashiba akaondoka."

Ustadh akacheka, Bi Zuwena akacheka, na wengine wakacheka kwa kuwa hao wamecheka, na ndani ya kicheko kile nikamsikia Ami Seif anasema amekubali. Nikashuka kwenye kinu. Nikaenda kukaa mahali pangu pa siku zote, karibu na jiko, kando ya Bi Zuwena, ambapo mwaka mzima tulikuwa tukila sinia moja, yeye akininyang'anya ukoko na mimi nikimnyang'anya pilipili. Bi Zuwena akanishika mkono akaninyanyua. Akanipeleka mpaka kwenye zulia la wageni, akanikalisha juu, ubavuni mwa mke wa Ustadh. Akaniletea sahani yangu peke yangu, wali juu, mbavu juu ya wali, akanimiminia maji ya kunawa yeye mwenyewe, mwanamke mwenye umri wa bibi yangu, kisha akakaa mbali kidogo, mikono mapajani, akingoja nile kwanza kama anavyongojewa mgeni. Nilimwomba aje tule pamoja. Akatikisa kichwa.

"Kula, mwanangu," akanambia. "Karibu."